Vidole havifiki tena: kupumzika ndani ya yoga baada ya kuugua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, nipo Ngamiani, Tanga, umri miaka 38. Ni karibu miezi tisa nafanya yoga nyumbani kwa kufuata video za kwenye simu, kila alfajiri baada ya swala, kabla sijapanda baiskeli kwenda kazini. Kufikia mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa nashika vidole vya miguu bila kukunja magoti. Mwishoni mwa mwezi wa tano nikaugua malaria, nikameza mseto nikapona. Sasa wiki sita zimepita na mikono inaishia katikati ya muundi. Nikijilazimisha napata maumivu chini ya tako la kulia, ndani kabisa, na hata nikikaa kwenye cherehani panauma. Mwisho wa video wanasema tulale tupumzike. Mimi nikilala, ama nawaza nguo za wateja ama nasinzia mpaka nakoroma. Je, nimerudi sifuri? Niongeze mazoezi au niache kwanza? Na huko kupumzika kunafanywaje hasa? Jingine dogo: mkeka wangu wa ukili unateleza, ninunue ule wa dukani?

JIBU: Marahaba dada, na pole kwa kuugua. Nianze na mambo mawili yasiyongoja: hujarudi sifuri, na hayo maumivu ya chini ya tako usiyafanyie mchezo. Mazoezi usiyaongeze, wala usiyaache. Utayabadilisha kwa wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ni kile kipande cha mwisho cha video ambacho kwa sasa unakitumia kuhesabu nguo za wateja.

Kwanza vidole vya miguu. Wengi hudhani msuli ukivutwa kila siku hurefuka kidogo kidogo, basi aliyefika kwenye vidole mwezi wa tatu lazima mwezi wa saba awe amevipita. Mwili haufanyi kazi hivyo. Katika miezi ya mwanzo, unyumbufu mwingi anaoupata mtu hautokani na msuli kurefuka. Unatokana na mishipa ya fahamu kuuzoea mvuto na kuuruhusu uendelee. Msuli ni uleule, ila ubongo umeisogeza mbele ile alama ya "basi, ishia hapo". Na alama hiyo haikai mahali pamoja. Usiku ukipata usingizi mchache, ukiwa na njaa, ukiwa na mawazo ya kodi ya fremu, ukiwa umetoka kwenye homa, ubongo huirudisha nyuma ili kukulinda. Sentimita kadhaa zinaweza kupotea kati ya Jumatatu na Jumatano bila msuli wowote kuwa mfupi. Ndiyo maana pia mara nyingi hurudi upesi kuliko zilivyopatikana mara ya kwanza.

Kwako wewe yamekutana mambo zaidi ya hilo. Malaria kwanza. Vimelea vyake huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Dozi ya mseto, ile ya kumeza mara sita kwa siku tatu, huua vimelea. Hairudishi damu iliyopotea. Damu hiyo hutengenezwa upya na uboho wa mifupa, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo mtu anaweza kupima na kuambiwa hana malaria, huku akipanda ngazi anahema na akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Kama hayo yapo kwako, au viganja na ndani ya kope pamepauka, kapime wingi wa damu kabla ya kufanya lolote gumu kati ya niliyoandika hapa. Homa ikirudi, usibahatishe dawa: pima tena.

Halafu saa unayofanyia. Usiku, ukiwa umelala, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hunyonya maji na kutanuka. Ndiyo sababu mtu akiamka huwa mrefu kwa kama sentimita moja au mbili kuliko atakavyokuwa jioni. Diski iliyojaa maji haipendi kukunjwa. Kuinama sana ndani ya saa moja ya kwanza baada ya kuamka hubebesha diski na kano za mgongo mzigo mkubwa kuliko kuinama vilevile mchana. Joto la mwili nalo huwa chini kabisa kabla ya kupambazuka, kisha hupanda mpaka kufika juu mwishoni mwa alasiri. Mwezi wa tatu ulikuwa katika joto la kaskazi, mwili umelegea tangu kitandani. Sasa ni kusi, asubuhi ina ubaridi. Unajipima katika saa ngumu kuliko zote, katika msimu mgumu, halafu unajilinganisha na wakati ambao hata sakafu ilikuwa ya moto.

Na cherehani. Siku nzima nyonga zako zimekunjwa, unasukuma kanyagio, shingo imeinama; jioni unapanda baiskeli, nyonga zikaendelea kukunjwa. Wiki ile uliyolala unaumwa nayo iliongeza ukakamavu wake. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonyesha kwamba miezi yako tisa imepotea. Jahazi linalobisha upepo omo yake haielekei bandarini, mara huku mara kule, na bado linafika.

Sasa maumivu. Kano ya misuli ya nyuma ya paja imeshikizwa kwenye mfupa wa kukalia, ule unaousikia ukikaa kwenye benchi la mbao. Ukiinama mbele na magoti yamenyooka, kano huvutwa na wakati huohuo hubanwa dhidi ya mfupa. Ukikaa kwenye kigoda kigumu, hubanwa tena. Kiti cha baiskeli kinamalizia. Ni jeraha linalowapata sana watu wa yoga, hasa wenye bidii, na lina ujanja wake: ukishachangamka maumivu hupungua, unadhani yamepona, unavuta zaidi, kesho yake yanarudi makali kuliko jana. Dalili ulizoandika zinafanana nalo: mahali pamoja, ndani, mabaya ukikaa na ukiinama.

Kano ya namna hii haiponi kwa kuvutwa. Haiponi vizuri kwa kulazwa bila kazi pia. Inataka mzigo mdogo usioibana. Kwa muda usiopungua wiki sita acha kuinama mbele na miguu iliyonyooka, iwe umesimama au umekaa chini. Mkao wa mbwa anayejinyoosha ufanye magoti yakiwa yamekunjwa na visigino juu, au uuache kabisa kama unauma. Badala yake weka daraja: lala chali, nyayo sakafuni kwa upana wa nyonga, visigino vikiwa umbali wa shubiri moja na nusu kutoka kwenye matako, kisha nyanyua kiuno mpaka mapaja na tumbo vilingane. Shikilia sekunde 30, shuka, pumzika kwa dakika moja, rudia mpaka zitimie mara tano. Fanya siku moja, ruka moja.

Kipimo ni hiki: wakati wa kulishikilia daraja, maumivu yasizidi matatu kwa kumi, na asubuhi ya pili yasiwe yameongezeka. Yakiongezeka, punguza ziwe sekunde 15 na usinyanyuke juu sana. Ikiwa wiki mbili zimepita kwa salama, sogeza visigino mbele kwa upana wa kiganja. Hapo nyuma ya paja itafanya kazi zaidi. Kwenye kigoda, weka kanga iliyokunjwa chini ya mapaja, si chini ya mfupa wenyewe, ili mfupa ubaki umening'inia kidogo, na simama kila baada ya nusu saa. Kano huenda kwa mwendo wake. Miezi mitatu si ajabu. Ila ukiona ganzi inashuka chini ya goti, au mguu unakosa nguvu, kaonane na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Na ukipata ganzi kati ya mapaja au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kesho.

Kupumzika sasa, maana hapa ndipo video nyingi hupita haraka kana kwamba ni jambo linalojifanya lenyewe.

B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Kihindi aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2014, aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu utotoni, akaingia kwenye yoga akiwa kijana dhaifu. Ni yeye aliyeeneza sana matumizi ya mablanketi, mikanda, vibao na viti ili mwili uliochoka au unaouma ukae kwenye mkao bila kupambana. Kanuni ya kazi hiyo ni nyepesi kueleza: kila sehemu ya mwili inayoning'inia, kuna msuli mahali fulani unaoishikilia, na msuli unaoshikilia haupumziki. Kwa hiyo jaza kila uwazi. Goti liko hewani? Weka kitu chini yake. Mkono haugusi sakafu? Inyanyue sakafu kwa blanketi iufikie.

Wewe una bahati, unajua kushona. Mto wa yoga wa mviringo utautengeneza kwa saa moja: kata marekani nzito ya sentimita 67 kwa 75, na miduara miwili ya kipenyo cha sentimita 25. Shona kwa mshono wa sentimita moja upate mto wa urefu wa sentimita 65 na unene wa kama 23. Jaza sufi. Pamba nayo inafaa, ila hushikamana na kuwa mabonge. Shindilia mpaka ukiukalia usizame zaidi ya theluthi. Mto laini sana hukunja mgongo badala ya kuubeba. Weka kitambaa cha ndani, la sivyo sufi itatoka kwenye nyuzi na utapumzika huku unapiga chafya. Shona na kifuko cha macho cha sentimita 20 kwa 10, weka ndani yake mchele gramu 200 hivi. Vingine unavyo: mablanketi mawili, doti ya kanga, ukuta, kiti.

Mkao wa kwanza kwako uwe wa miguu juu ya kiti. Video zitakuonyesha miguu iliyonyooka ukutani, lakini kwa kano yako hiyo itakuwa bado unavuta. Lala chali, weka miundi juu ya kiti hadi nyuma ya magoti ifike ukingoni, magoti na nyonga vikiwa na pembe mraba. Kiti cha plastiki kinateleza kwenye sakafu ya saruji, basi kisukume mpaka ukuta ukizuie, na utandike kanga ili ngozi isinate. Kaa dakika 10. Damu na maji vilivyoshuka miguuni kwa kukaa siku nzima vitarudi juu, na kiuno kitalala chini chenyewe. Mwenye presha ya damu isiyodhibitiwa, presha ya macho, au mimba iliyokua asifanye huu bila kumuuliza daktari.

Wa pili ni wa kufungua kifua. Ule mto wa mviringo uweke kwa urefu nyuma yako, kaa mbele yake ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya tako na mto, kisha ulalie mgongo juu yake. Nyayo zigusane, magoti yaangukie pembeni, na kila paja litiwe blanketi lililokunjwa. Usiliruke hilo la mapaja. Yakiachwa yakining'inia, baada ya dakika tatu utasikia misuli ya ndani ya mapaja inatetemeka, na huko si kupumzika. Kichwa kiinuliwe na kanga mpaka kidevu kiwe chini kidogo ya paji la uso. Kiuno kikiuma, mto uko juu mno: toa sufi kidogo au tumia blanketi lililokunjwa mara tatu. Dakika nane zinatosha. Kwa mtu aliyeinamia kitambaa saa nane kwa siku, mkao huu peke yake una thamani kuliko kuinama mara mia.

Mkao wa mtoto, ule wa kupiga magoti na kulala kifudifudi juu ya mapaja, video zote zinauita wa kupumzika. Kwako kwa sasa si wa kupumzika. Nyonga zimekunjwa kabisa, kano imebanwa. Uweke kando mpaka tako litulie.

Mwisho ni mkao wa maiti, unaotajwa katika maandishi ya Kihindi ya karne ya 15 kama mkao wa kuondoa uchovu. Lala chali, kanga mbili zilizoviringishwa pamoja chini ya magoti, kitambaa cha unene wa sentimita tatu hadi tano chini ya kichwa, mikono mbali kidogo na mbavu, viganja juu. Kifuko cha mchele juu ya macho. Mfuko wa mchele wa kilo mbili uulaze juu ya mapaja au tumbo la chini kama unapenda uzito. Wengine huwatuliza, wengine huwakera. Jifunike shuka hata kama kuna joto, maana mwili ukitulia hupoa, na pangaboi juu ya jasho huleta baridi ya kushtukiza inayokaza mabega. Baada ya Magharibi fanya ndani ya chandarua kilichoshushwa mpaka kwenye mkeka. Mtu aliyetoka kwenye malaria juzi hana sababu ya kuwapa mbu dakika 15 za bure. Zihesabu dakika hizo 15 kwa simu, mlio uwe mdogo. Dakika tano za mwanzo kwa kawaida huisha kabla pumzi haijatulia, kwa hiyo anayelala dakika tatu na kusema hajaona tofauti, hajaanza. Kutoka: vuta magoti, geukia ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi tano, sukuma sakafu kwa mikono, kichwa kije mwisho.

Kukoroma. Ukisinzia ndani ya dakika tatu kila siku, mwili wako unadai usingizi, na deni la usingizi halilipwi kwa yoga. Kwa wiki mbili za kwanza uache ulale, ila mlio wa simu usizidi dakika 25, usije ukakosa usingizi wa usiku. Na ulale mapema. Baadaye, kama bado unataka kubaki macho, kunja kiwiko kimoja uusimamishe mkono wa chini wima. Ukianza kusinzia, mkono utaanguka na kukuamsha. Usifanye baada ya ugali.

Mawazo ya nguo za wateja yana dawa ya kawaida kabisa: daftari. Kabla ya kulala chini andika oda zote zilizobaki, ya nani, lini, kasoro gani. Ubongo huachia jambo kwa urahisi zaidi ukijua limehifadhiwa. Kisha lipe akili jambo dogo la kufanya, kwa sababu kuiambia isiwaze ni kazi bure. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, puani. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Moyo huongeza kasi kidogo ukivuta na hupunguza ukitoa, ndiyo maana pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayotuliza. Usijaze kifua mpaka juu. Midomo ikianza kuwasha au kichwa kikawa chepesi, unapumua kupita kiasi. Rudi kwenye pumzi ya kawaida.

Baada ya dakika mbili tatu acha hesabu, upite mwilini kwa mpangilio, ukianzia pale mwili unapogusa sakafu: kisigino cha kulia, kisigino cha kushoto, mashavu ya miguu, matako, mgongo wa juu, nyuma ya kichwa. Mahali pengine pa kukagua kwa fundi cherehani ni taya, ulimi uliobanwa juu ya kaakaa, shina la kidole gumba, na bega la mkono unaosukuma kitambaa, ambalo huwa limepanda bila mwenyewe kujua. Huna haja ya kulirekebisha kwa nguvu. Litazame kwa pumzi tatu, mara nyingi hushuka. Ukigundua umeshafika kwenye gauni la mteja, sema moyoni "nawaza", rudi kwenye kisigino. Utarudi mara ishirini kwa kipindi kimoja, na huko kurudi ndiko kuna zoezi. Aliyerudi mara ishirini amefanya kazi zaidi ya aliyelala kimya akidhani hakuwaza.

Kuna watu ambao kufumba macho na kunyamaza huwaletea hofu au msiba wa zamani. Kama ndivyo ilivyo kwako, fumbua macho, lala ubavu, fanya dakika tatu tu, na utafute mtu wa kuzungumza naye. Kujilazimisha kukaa kimya hakusaidii hapo.

Utulivu huu usiuache mkekani. Kila uzi wa chini wa cherehani ukiisha, kabla hujaubadilisha, simama, toa pumzi tatu ndefu, sikia nyayo. Uzi huisha mara nyingi kwa siku, na kila mara unapata sababu ya kumpumzisha yule mfupa wa kukalia.

Kuhusu wiki, achana na ratiba ya kila siku sawasawa. Kwa asubuhi saba, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima, uandike. Wastani wake ndio wa kwako. Baadaye, asubuhi ambayo mapigo yamezidi wastani kwa kumi au zaidi, au umelala vibaya, au bado unahema, iite siku ya mto: mikao mitatu ya kupumzika, hakuna jingine. Mapigo yakiwa ya kawaida lakini mwili mzito, fanya nusu: mzunguko wa taratibu wa mikao ya kusimama, kama dakika 15, na daraja. Mwili ukiwa mwepesi, fanya kipindi kamili, bado bila kuinama mbele, na bado dakika 15 za mwisho ni za maiti. Wakati wowote ukiona huwezi tena kupumua puani kwa utulivu, umepita kiwango cha siku hiyo. Rudi hatua moja. Siku za hedhi na zile zinazotangulia mwili wa wengi hubadilika, na katika nusu ya pili ya mzunguko joto la mwili hupanda kidogo, kwa hiyo usishangae kuchoka mapema, hasa kaskazi ikirudi. Wiki yenye siku nne za mto si wiki mbovu kwa mtu aliyetoka kwenye malaria.

Alfajiri baada ya swala ibakie ya pumzi na daraja. Mazoezi ya kusimama yahamishie saa kumi na moja jioni, ukitoka kazini, kabla ya kula. Ramadhani ikifika, punguza yote, ufanye siku za mto muda mfupi kabla ya futari, na mazoezi yenye jasho saa mbili hivi baada ya kufuturu ukishakunywa maji ya kutosha.

Kujipima kwa vidole kila siku kuache. Kunakuambia umelalaje jana kuliko unavyoendelea. Pima mara moja kila wiki nne, saa ileile, baada ya dakika 10 zilezile za kuchangamsha mwili, na kwa sasa usipime kuinama. Pima ni dakika ngapi unakaa kwenye kigoda kabla tako halijauma, na ni sekunde ngapi daraja linashikika bila maumivu. Siku utakapokaa saa nzima bila maumivu, na daraja la visigino vya mbali likawa shwari kwa wiki mbili mfululizo, ndipo uanze tena kuinama: jioni, magoti yamekunjwa, mikono juu ya kiti, pumzi tano basi. Ukiona asubuhi iliyofuata ni salama, wiki inayofuata shusha mikono kwenye kigoda. Sakafu ije mwisho.

Na mkeka. Ule wa ukili ni mzuri sana kwa mikao yote ya kulala. Una hewa chini yake, hauchemki mgongoni. Kinachoteleza ni ukili juu ya saruji iliyosuguliwa, hasa pale mikono au miguu inaposukuma kuelekea pembeni. Kwa mikao ya kusimama, kunja mkeka kabisa ukasimame peku kwenye sakafu kavu; mguu mtupu hushika vizuri. Ukipata fedha ya ziada, nunua wa mpira wenye unene wa milimita nne hadi sita. Wa kawaida huwa na upana wa sentimita 61 na urefu wa 173. Ule mnene wa milimita 10 au zaidi usiuchukue, kifundo cha mguu kitayumba ukisimama kwa mguu mmoja. Wengi huteleza siku za mwanzo kwa sababu ya utando wa kiwandani: ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uanike kivulini, usiuanike juani.